Waliopanda saa saba mchana: uchambuzi wa kisa cha wapanda mlima waliolala msituni, Mkoa wa Volta, Ghana

Usiku mmoja wa mwishoni mwa Oktoba, watu kumi na mmoja walilala mlimani ndani ya kibanda cha mkulima wa kakao. Nilikuwa mmoja wao. Kijijini tulikotoka hakuna aliyejua kwamba hatujarudi, mpaka kijana wa kijiji cha jirani alipopiga simu saa mbili na nusu usiku. Hakufa mtu, na aliyeumia aliumia kifundo cha mguu tu. Lakini tulikaribia sana kupata msiba, na sababu zilizotufikisha pale bado zipo katika vijiji vingi vinavyopokea wapanda mlima, kwao Ghana na kwetu Tanzania.

Ninaandika kwa ruhusa ya wahusika. Majina nimeyaacha, kijiji sikitaji, na baadhi ya alama za njia nimezibadilisha. Mwongozaji wetu nitamwita Efo tu, maana ndivyo Waewe, wenyeji wa eneo hilo, wanavyomwita kaka mkubwa, na ndivyo sote tulivyokuwa tukimwita.

Mahali penyewe

Safu ya Akwapim-Togo huanzia karibu na Accra, hukatizwa na mto Volta, kisha huelekea kaskazini-mashariki hadi Togo na Benin, ambako huitwa Atakora. Kwa urefu si milima ya kutisha. Afadja, mlima unaotajwa kuwa mrefu kuliko yote Ghana, una mita 885, na Agou, mrefu kuliko yote Togo, una mita 986. Mimi huongoza wageni katika misitu ya Usambara, na niliposikia namba hizo nilijisemea kwamba hii ni kazi ya asubuhi moja. Nilikosea. Kijia hakizunguki mlima. Kinaupanda wima kama ngazi, juu ya udongo mwekundu na mizizi iliyosuguliwa na miguu ya watu mpaka ikang'aa. Hewa ni nzito kwa unyevu, na saa ya kwanza tu shati lote limelowa jasho.

Msitu wenyewe ulinipokea kama ndugu. Mti wanaouita odum ndio mvule wetu. Misufi ipo, michikichi ipo, magimbi yameota kando ya vijito. Ukanda huu una mambo mengi ya kumleta mgeni: kwenye miamba ya maporomoko ya Wli popo wa matunda hujitundika kwa maelfu, na huko Tafi Atome kima aina ya mona wamelindwa na wanakijiji kwa sababu ya imani yao, kabla hata ya neno utalii kufika.

Mpaka wa Ghana na Togo hupita juu ya mgongo wa milima hii. Eneo lilikuwa koloni la Wajerumani kama Tanganyika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza likagawanywa kati ya Waingereza na Wafaransa. Upande wa Waingereza ulipiga kura mwaka 1956 na kuamua kuungana na Gold Coast, iliyopata uhuru Machi 1957 kwa jina la Ghana. Waewe wakabaki pande zote mbili za mstari. Historia hii ina sehemu yake katika kisa, kwa njia ndogo ya simu ya mkononi, kama tutakavyoona.

Jinsi kazi ilivyokuwa imepangwa

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ghana iliendesha mradi wa utalii wa ikolojia unaomilikiwa na jamii katika vituo 14, na kadhaa kati yake viko Mkoa wa Volta. Kijiji cha kisa hiki kiliiga utaratibu huo baadaye. Mgeni hukata tiketi katika ofisi ya wageni, hupewa mwongozaji, na mapato hugawanywa kati ya kamati, wazee wenye ardhi na mfuko wa kijiji.

Kulikuwa na tiketi za aina mbili. Ya chini ilikuwa ya maporomoko yaliyo karibu, mwendo wa dakika arobaini kwenye tambarare katikati ya mashamba. Ya juu ilikuwa ya kilele, na kurudi kwa njia ya nyuma kupitia maporomoko mengine yaliyo ndani ya msitu: mzunguko wa saa nne na nusu kwa mtu mwenye miguu, saa sita kwa asiye nayo.

Malipo ya waongozaji yalifuata tiketi. Aliyefikisha wageni kileleni alipata fungu lake kwa kila kichwa. Aliyewapeleka maporomoko ya chini hakupata fungu, bali bakshishi, kama mgeni ana moyo wa kutoa. Na aliyegeuka njiani kabla ya kilele alihesabiwa kama aliyekwenda chini, kwa kuwa ofisi ilimrudishia mgeni tofauti ya tiketi. Hakuna aliyeona ubaya hapo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa na kamati wiki tatu nikipitia nao vitabu vyao, na nilisifu utaratibu huo kwa kuwa unamlinda mgeni asidhulumiwe.

Sheria ya muda ilikuwapo, imeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao mlangoni: hakuna kupanda kileleni baada ya saa tano asubuhi.

Siku ya tukio

Wageni walikuwa tisa, vijana wa chuo kimoja cha Accra na mwalimu wao. Walikuwa wamelipa tiketi ya juu siku kumi kabla, kwa simu. Walitarajiwa saa tatu asubuhi. Basi lao dogo liliharibika njiani, na walipofika ilikuwa saa sita na nusu mchana. Usiku ule ule walitakiwa wawe njiani kurudi.

Katibu alimwambia mwalimu kuhusu sheria ya saa tano. Mwalimu akasema vijana wamechanga tangu mwanzo wa muhula na hawatapata siku nyingine. Katibu akamgeukia Efo: "Utaweza?" Efo akatazama vijana, akatazama jua, akasema ataweza wakikaza mwendo. Mazungumzo yote hayakuzidi dakika tatu.

Kwa kawaida kundi la watu tisa lingepewa waongozaji wawili. Wa pili alikuwa shambani kwake. Oktoba ndio mavuno makubwa ya kakao yanaanza, na mwenye shamba hawezi kuacha maganda yaozee mtini kwa ajili ya wageni ambao hawajulikani watakuja saa ngapi. Nikaambiwa nifuate nyuma, niwe wa mwisho, nihakikishe hakuna anayebaki. Nikakubali.

Tuliondoka saa saba na robo.

Saa tisa kasorobo tulikuwa chini ya mvule mkubwa ambao waongozaji huuita nusu ya njia. Wasichana wawili walikuwa wamechoka, mmoja wao akiwa amevaa raba za soli laini zilizokuwa zikiteleza kila hatua. Upepo uligeuka ghafla, majani yakaonyesha matumbo yake meupe, na upande wa Togo mbingu ikawa na rangi ya risasi. Efo alisimama akitazama huko kwa muda mrefu kuliko mtu anayepumzika. Nilimwona. Nilijua anachofikiri, kwa sababu nimesimama hivyo mara nyingi katika msitu wa nyumbani. Nilitaka kusema, "Efo, turudi," nikaona mimi ni mgeni, mlima si wangu, na kumpinga mwenyeji mbele ya wageni wake ni utovu wa adabu. Nikanyamaza. Akasema, "Tukaze."

Saa tisa na nusu na dakika kadhaa tulikuwa kileleni. Vijana walisahau uchovu wote. Walipiga picha, wakaimba, wakapiga picha tena. Simu zikalia kwa pamoja: ujumbe wa mtandao wa Togo ukitukaribisha nchini humo. Pale juu mnara ulio karibu ni wa upande wa pili, na simu za Ghana huuhamia zenyewe. Mwalimu alijaribu kumpigia dereva, simu haikutoka, kwa kuwa salio lake halikutosha kupiga kutoka nje ya nchi. Hakulifikiria zaidi. Nasi pia.

Saa kumi Efo aliamua turudi kwa njia ya nyuma. Saa kumi na robo mvua ikaanza, matone makubwa machache kwanza, kisha ukuta mzima.

Kijito

Njia ya nyuma huvuka kijito mara mbili. Wakati wa kiangazi mtu huruka kutoka jiwe hadi jiwe bila kulowesha soksi. Tulipokikaribia mara ya kwanza, kabla ya saa kumi na moja, tulikisikia kabla ya kukiona. Mawe yote yalikuwa yamezama. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yamebeba majani na vijiti, na kila baada ya muda mfupi tulisikia mgongano mzito chini yake: mawe yakisukumana kwenye sakafu ya kijito. Mmoja wa vijana alitumbukiza fimbo, ikamponyoka mkononi.

Dakika chache kabla ya hapo yule binti wa raba laini alikuwa ameteleza kwenye mzizi na kifundo cha mguu kikateguka. Alikuwa akitembea akiwa ameshikwa na wenzake wawili, analia kimya kimya.

Vijana wawili wenye nguvu walisema wanaweza kuvuka, wawavushe wengine kwa kushikana mikono. Mwalimu alimtazama Efo. Jua lilibakiza dakika arobaini hivi, na ndani ya msitu giza hutangulia. Kurudi nyuma kwa njia ya kilele na binti yule kungekuwa zaidi ya saa tatu, gizani, juu ya udongo uliokwisha kuwa kama sabuni. Tochi zilikuwa mbili, ya Efo na yangu.

Efo alisema, "Hapa hakuna atakayevuka." Akafikiri kidogo, kisha akatuongoza kando, kwenye kijia chembamba ambacho nisingekiona peke yangu, kinachofuata bega la mlima kuelekea mashamba ya kijiji cha jirani.

Msomaji anapaswa kujua kwamba uamuzi huo haukuwa mwepesi kwake. Vijiji viwili vile vilikuwa na mgogoro wa miaka mingi. Nusu ya njia ya nyuma, pamoja na maporomoko yake, iko juu ya ardhi ambayo jirani wanasema ni ya babu zao, na hawakuwahi kupata hata pesewa moja ya tiketi. Mwaka uliotangulia walikuwa wamekata mti na kuulaza njiani. Efo alikuwa mmoja wa watu waliouondoa.

Kibanda

Tulikiona kibanda kwa harufu kwanza, harufu ya siki na pombe inayotoka kwenye kakao inayochachishwa. Mlango ulikuwa wazi, moto unawaka. Mvua ilikuwa ikitupiga mgongoni, binti anatetemeka, na Efo alisimama hatua kumi kutoka mlangoni akasema kwa sauti, "Agoo!" Ndiyo hodi yao. Ndani ikajibu sauti ya mzee: "Ame!" Lakini Efo hakuingia. Alianza salamu, ile salamu ndefu ya Kiewe ya kuuliza nyumba, watoto, kazi, kila kimoja kikijibiwa na kurudishwa, huku maji yakimtiririka usoni. Mmoja wa vijana alinong'ona kwa hasira kwamba tunapoteza muda. Nilimshika mkono anyamaze. Mzee alimjua Efo ni nani, na Efo alijua anajulikana.

"Togbe," Efo alisema, neno la kumheshimu babu, "nina wageni, maji yametuzuia."

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Ingieni, mwanangu."

Mzee alikuwa na mkewe na kijana wao. Kibanda kilikuwa cha watu watatu. Katika sehemu iliyoezekwa pembeni lilikuwapo lundo la kakao, limefunikwa kwa majani ya mgomba na kukandamizwa kwa magogo. Mama yule alimshika binti aliyeumia, akamvua sweta lililolowa, akamfunika kwa kitenge chake mwenyewe, kisha akamkalisha mgongo ukiegemea lile lundo. Niliweka kiganja changu juu ya majani. Kakao inapochacha hutoa joto, kufikia nyuzi 45 na zaidi. Ilikuwa kama kugusa ubavu wa ng'ombe. Baada ya nusu saa binti aliacha kutetemeka. Tulikula ndizi za kuchoma na gari, ule unga wa muhogo uliokaangwa, umelowekwa maji kidogo. Chakula kilikuwa chao cha siku mbili.

Kijana wa mzee alishuka kijijini kwao kwa njia ya upande wao, isiyovuka kijito, ambako simu hushika mnara wa Ghana. Ndiye aliyempigia katibu.

Saa tano usiku wakaja watu sita na taa, wanne wa kijiji cha jirani na wawili wa kamati yetu waliokuwa wamezunguka kwa pikipiki. Mjumbe mmoja wa kamati alitaka tushuke usiku ule ule. Dereva anasubiri, wazazi watapiga simu, na habari ya wanafunzi kulala porini ikifika redioni, msimu umekwisha. Alisema kwa ukali, na hoja zake hazikuwa za kipuuzi. Efo alikataa. Alisema binti hawezi kubebwa gizani kwenye mteremko ule bila mtu wa pili kuanguka, mvua haijaisha, na hapa tulipo pana moto na paa. Mzee akaongeza kwamba wageni wako nyumbani kwake na hawatolewi usiku. Basi ikawa hivyo. Mmoja wa waliokuja alirudi na ujumbe kwa dereva na orodha ya majina tisa ya kuwapigia wazazi simu.

Kulipopambazuka kijito kilikuwa kimeshuka hadi magotini. Hatukukivuka, tulifuata njia ya jirani. Binti alibebwa kwa zamu katika machela ya miti miwili na vitenge. Saa tatu asubuhi tulikuwa barabarani.

Yaliyofuata

Kliniki ilikuta kifundo kimeteguka bila kuvunjika. Mwalimu hakudai fedha. Aliandika barua mbili, moja kwa kamati na moja kwa mzee wa kibanda.

Kamati ilikaa siku ya tatu. Pendekezo la kwanza lilikuwa kumsimamisha Efo miezi mitatu kwa kuvunja sheria ya saa tano. La pili lilikuwa kununua kamba, tochi sita na redio za mkononi. Yote mawili yalionekana kukubalika kwa wengi, na nilipoombwa maoni nilisema siyaungi mkono kama ndiyo mwisho wa shauri. Hoja nilizotoa siku ile ndizo nitakazozieleza hapa chini, kwa utaratibu bora kidogo.

Uchambuzi: uamuzi mara nne, mtu yule yule

Siku ile Efo alikuwa na nafasi nne za kugeuka. Mezani ofisini, chini ya mvule, kileleni alipochagua njia ya kushukia, na kwenye kijito. Katika tatu za mwanzo alisonga mbele. Katika ya nne alisimama, na kuanzia hapo hadi asubuhi kila alichoamua kilikuwa sahihi, pamoja na kumpinga mjumbe wa kamati usiku wa manane.

Ujuzi wake haukubadilika kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Anajua wingu la upande wa Togo linaleta nini. Amezaliwa chini yake. Kilichobadilika ni bei. Ofisini, kusema "hapana" kungemgharimu fungu la watu tisa, sawa na siku nne za kibarua cha kuvuna kakao, katika mwezi ambao wageni walikuwa wachache. Chini ya mvule, kugeuka kungemgharimu vilevile, na juu yake jasho la saa moja na nusu. Kileleni, njia ya nyuma ilikuwa sehemu ya tiketi iliyolipwa, na kuwarudisha wageni kwa njia waliyojia ni kuwapunguzia walichonunua. Kwenye kijito, fungu lilikuwa limekwisha kupatikana. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, uamuzi wake haukumgharimu chochote, na ndipo ujuzi wake ulipopata nafasi ya kusema.

Efo mwenyewe hakubaliani nami kikamilifu. Anasema kwenye kijito aliogopa, na woga ulitosha bila hesabu ya fedha. Namwamini. Lakini nilipomuuliza kwa nini hakugeuka kwenye mvule alinyamaza, kisha akasema mwanawe wa kwanza alikuwa anadaiwa ada.

Ndiyo maana adhabu isingefundisha kitu. Ingemwondoa mtu aliyetuokoa na kumweka mwingine mbele ya hesabu ile ile. Nayo kamba ingempa mtu sababu ya kujaribu kuvuka.

Uchambuzi: daftari, simu, na ukimya wangu

Daftari la ofisi lilikuwa na safu za tarehe, jina, aina ya tiketi, kiasi na sahihi. Lilikuwa daftari la fedha na kazi ya fedha lililifanya vizuri. Halikuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu amerudi. Katibu alifunga ofisi saa kumi na moja akaenda nyumbani, hana kosa, kwa sababu hakuna kitu mezani kilichomwambia kwamba mistari tisa iko wazi. Dereva alilala ndani ya basi. Kama mzee asingekuwa shambani usiku ule, wa kwanza kushtuka angekuwa mzazi mmoja huko Accra, pengine usiku wa manane, akiwa umbali wa zaidi ya kilomita 200.

Suala la mnara wa Togo waongozaji wote walilijua, kwa namna mtu anavyojua kwamba mlango wa jikoni unakwama. Hakuna aliyewahi kulisema mezani. Njia nzima ya nyuma, kuanzia kileleni hadi bondeni, simu ya Ghana haina faida yoyote mpaka mwenyewe aichagulie mtandao kwa mkono, na hata hivyo mara nyingi hakuna.

Kijito nacho kilihukumiwa kwa dakika. Efo alihesabu kwamba njia ya nyuma ni fupi kwa nusu saa, na kwa jua kali ni kweli. Njia ya kupandia ni ndefu na inachosha magoti, lakini haivuki maji popote. Mvua ikishakuwa juu ya mlima, njia inayovuka kijito haipimwi tena kwa saa.

Kuhusu ukimya wangu chini ya mvule, sijaumaliza moyoni. Nilikuwa na umri na uzoefu wa kutosha kusema neno moja kando, bila kumvunjia mtu heshima. Efo aliniambia baadaye kwamba alikuwa amenitazama akisubiri niseme, maana neno la mgeni lingempa sababu ya kugeuka ambayo katibu angeikubali. Adabu niliyodhani namfanyia ilimwacha peke yake.

Kilichofanya kazi

Kilichotuokoa hakikuwa kwenye mpango wowote wa utalii. Ilikuwa ni kijia ambacho Efo alikijua tangu utotoni akienda kutega panya wa msituni, na salamu iliyosemwa yote, neno kwa neno, mvuani. Nimefikiria sana zile dakika mbili za salamu. Angeingia kwa kukimbia, mzee angetupokea tu, naamini. Lakini angetupokea kama watu wa upande wa pili waliokimbilia kwake. Kwa salamu, tuliingia kama wageni wake, na ndiyo maana usiku alipata sauti ya kusema hatutolewi.

Mabadiliko, na yasiyobadilika

Wiki mbili baadaye wazee wa kijiji chetu walikwenda kwa jirani na chupa ya schnapps, pombe kali ya matambiko, kama ilivyo desturi. Ilimiminwa kidogo ardhini kwa mababu, ikazungumzwa njia. Mazungumzo yalichukua siku tatu. Sasa jirani wana fungu katika kila tiketi ya juu, na kibanda cha mzee kimewekwa kwenye ramani ya waongozaji kama kituo cha dharura, kikiwa na tochi, blanketi nne na gunia dogo la gari vinavyolipiwa na kamati.

Mwongozaji hulipwa kwa siku, kiasi kile kile, akifika kileleni au akigeuka kwenye mvule au asipoondoka kabisa tambarare. Daftari lina safu mbili mpya, saa ya kutoka na saa ya kurudi, na ofisi haifungwi mstari ukiwa wazi. Wakati wa mvua tiketi ya juu haina njia ya nyuma.

Malipo ya siku yamekuwa mzigo. Katika miezi ya wageni wachache kamati hukopa kutoka mfuko wa kijiji, na kuna wajumbe wanaotaka kurudi kwenye utaratibu wa zamani. Sheria ya saa tano nayo bado inavunjwa mara moja moja, mgeni akija na maneno matamu. Katibu ameniambia hayo bila kuficha.

Mwezi Juni alinitumia picha ya ukurasa mmoja wa daftari. Kundi la watu saba, tiketi ya juu, wamefika saa sita na dakika ishirini. Kwenye safu ya kutoka hakuna saa, ameandika "hawakupanda, wamepelekwa maporomoko ya chini." Na pembeni, kwenye safu ya malipo, kiasi kamili cha siku, na sahihi ya Efo.